Paja la Mwenye Bunduki

Asubuhi ya Jumatano yai la Bwana Komiseri lilinuka kiberiti kwa siku ya tatu mfululizo, na Brigadiye Stanislas Bulonza ilimbidi asimame barazani na kofia mkononi mpaka malalamiko ya yai yaishe ndipo malalamiko ya nguruwe yaanze.

"Télesphore!" aliita Bwana Lambrecht, komiseri wa polisi wa Bukavu. "Yai hii iko mubaya tena."

"Kuku njo iko mugonjwa, Bwana," mpishi alijibu kutoka jikoni. Alitoka, akaliondoa yai kwa mkono wa kushoto pamoja na kikombe chake kidogo cha kaure, akarudi zake.

"Na tangu Jumapili hakuna mayonezi," Bwana Komiseri aliendelea. "Namuambia apige mayonezi, ananiambia mafuta imechoka. Mafuta inachoka namna gani, Brigadiye?"

Bulonza alisema hajui. Alikuwa na miaka kumi na mitano polisi, mtu mpana mwenye daftari, kalamu mbili na uzi wa mafundo wa kupimia, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kufyatua bunduki hata mara moja. Aliogopa mlio wa bunduki. Siri hiyo aliificha kama wengine wanavyoficha upara.

Upande wa pili wa meza alikaa Bwana Desmedt, mwenye shamba kubwa la Panzi, naye hakuwa amegusa kahawa yake. Jumapili, watu wakiwa misani, nguruwe wake dume aitwaye Hector alitoweka zizini. Hector hakuwa nguruwe wa kuchezewa. Alitoka Ubelgiji kwa meli, kisha kwa treni, kisha kwa lori, akiwa na cheti kinachotaja mababu zake saba, wakati Bulonza mwenyewe alihitaji karatasi yenye muhuri ili afike Luvungi kumsalimia shangazi yake. Zizini ilibaki damu, alama ya kitu kizito kilichoburutwa mpaka kwenye matete, na mlango wa mbao wenye matundu mawili. Katika tundu moja Bulonza alichokoa kwa kisu risasi ya duara, nene kama kidole gumba, yenye mikwaruzo ya mifereji ubavuni.

Bunduki inayotema risasi ya namna hiyo ilikuwa moja tu mjini, na kila mtu aliijua. Ilikuwa bunduki ya pistoni, ya kupakiliwa baruti mdomoni, yenye mitutu miwili, mali ya mzee Adalbert wa Kadutu. Mzee alikuwa kwenye kasho, mahabusu ya polisi, tangu Jumatatu.

"Jumapili jioni Bwana Lambrecht alinialika kula, kunituliza moyo," Bwana Desmedt alisema kwa huzuni. "Bila ile chakula ningelia."

"Ulikula sahani mbili," alisema Bwana Komiseri, akamgeukia Bulonza. "Sikiliza. Kesho saa sita ya mchana bunduki inakatwa na musumeno, vipande mbili, na muzee anaenda gereza. Kama una kitu ya kusema, sema mbele ya saa sita. Na nataka proseverbali kamili, ripoti yenye kila kitu. Jina ya kila mutu aliyegusa ile nguruwe. Kila mutu. Kamili."

"Kamili, Bwana," alisema Bulonza, akaandika neno hilo na kulipigia mstari.

*

Mzee Adalbert alikuwa amekaa kwenye kona ya kasho, mgongo wima, rozari shingoni, na pamoja na rozari kipande cha mwanzi kirefu kama kidole. Kwa miaka kumi na minane alikuwa amembebea vyombo mzungu mmoja mpima ardhi katika misitu ya Shabunda, na mzungu huyo aliporudi kwao alimwachia bunduki na barua ya shukrani. Tangu hapo kila mwaka Adalbert aliipeleka ofisini ikaguliwe, na kila mwaka karani alimuuliza swali lile lile: kibali ni cha bunduki moja, je, mtutu wa pili ni wa nani? Mzee alijifunza kuuziba mtutu wa pili kwa gunzi la mahindi mpaka muhuri upigwe.

Bulonza alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nyuma yake alisimama polisi Firmin, aliyekuwa askari wa jeshi zamani na aliyependa kesi fupi.

"Papa Adalbert, Jumapili saa tatu ulikuwa wapi?"

"Ku misa. Naimba besi."

"Batu banasema besi ilinyamaza mu katikati ya Credo, ile Nasadiki."

"Nilikohoa."

"Ulikohoa wakati murefu?"

"Brigadiye, nina miaka makumi sita na tano. Nakohoa wakati yenye kikohozi inataka."

Firmin alisogea mbele. "Chef, anatucheza. Kutoka kanisa mpaka Panzi, mutu anakimbia, anapiga, anarudi."

"Mutu wa miaka makumi sita na tano, na bunduki ya kilo nane, mu katikati ya Credo?" aliuliza Bulonza.

"Credo iko murefu," alisema Firmin.

Bulonza aliandika: Credo, kupima urefu wake. Kisha alimwambia Firmin aingize ubao wa mlango wa zizi. Mzee aliutazama ubao ule kwanza kwa mbali, halafu kwa karibu, halafu aliuliza upigaji ulitoka umbali gani.

"Hatua makumi ine. Tuliona mahali baruti ilimwangika mu majani."

"Na nguruwe ilikuwa wapi?"

"Mbele ya ubao. Hapa katikati."

Mzee Adalbert aliyaangalia matundu tena. Halafu midomo ilianza kumcheza, na Bulonza aliona kwamba mzee yule, ambaye siku mbili za kasho hazikumtoa neno la hasira, sasa alikuwa amekasirika kwelikweli.

"Munanifunga kwa kuua, ni sawa, muko polisi," alisema. "Lakini huyu mutu alikosa. Mara mbili! Nguruwe mukubwa sawa armware ya nguo, kwa hatua makumi ine, anapiga huku na huku. Na muko munasema ni miye. Brigadiye, unitie gereza mwaka muzima kama unataka, lakini usiandike mu kitabu ya serikali kama Adalbert alikosa nguruwe mara mbili."

Bulonza aliandika: Mtuhumiwa hakani kuua kwa nguvu kama anavyokana kukosa. Aliisoma sentensi hiyo tena, akaipenda. Miaka kumi na mitano ilikuwa imemfundisha kwamba mwongo hutetea uhuru wake kwanza na jina lake baadaye.

"Tuhakikishe," alisema. "Firmin, leta bunduki."

*

Walishuka bondeni nyuma ya kambi ya polisi. Firmin alipima hatua arobaini kwa miguu ya kijeshi na kulichomeka papai juu ya kijiti. Bulonza alijaza pamba masikioni, akasema ni kwa sababu ya mafua, akajipanga nyuma ya mgongo wa Firmin.

Mzee Adalbert hakuwa na haraka. Alivua ule mwanzi shingoni, akaujaza baruti mpaka ukingoni, akapitisha ukucha juu ili punje zisizidi hata moja, akamimina katika mtutu wa kulia. Alitia risasi iliyofungwa kwa kitambaa chenye mafuta ya mawese, akaisukuma kwa ufito wa mdeki taratibu mpaka ikalala juu ya baruti. Kisha mtutu wa kushoto, vile vile. Mwisho akabandika fataki mbili za kuwashia baruti, ndogo kama punje za mahindi.

"Hii kipimo inalala na miye," alisema. "Inaoga na miye. Bibi yangu hajaishikaka."

Alipiga. Bonde lilijaa moshi mweupe na Bulonza akamkumbatia Firmin kwa nyuma. Kabla moshi haujatoka mzee alipiga tena.

Papai lilikuwa na tundu moja. Waliposogea waliona kwamba tundu hilo lilikuwa refu kidogo, kwa sababu lilikuwa matundu mawili yanayogusana.

"Unaweza kuniacha sasa, chef," alisema Firmin.

Bulonza alimwachia. Alitoa uzi wake wa mafundo akapima papai, kisha akakumbuka ubao. Matundu ya ubao yalikuwa yameachana shubiri moja na nusu.

"Bunduki ni ile ile," alisema. "Kwa nini hapa inapiga pamoja na kule inaachana?"

"Juu ya kipimo." Mzee alianza kuisafisha mitutu kwa kitambaa, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Mitutu mbili haiangaliake mbele sawasawa, Brigadiye. Fundi aliikunja kidogo, moja inaangalia ingine, ili risasi zikutane. Ukitia baruti kidogo, zinaachana. Ukitia mingi, zinakutana mapema na kupitana, ya kuume inaenda kushoto, ya kushoto inaenda kuume. Kipimo iko moja tu. Nilitafuta miaka ine."

"Miaka ine?"

"Serikali inanipatia baruti ya mwaka ya kupiga mara kumi. Napiga mara nane juu ya kutafuta, mbili juu ya kula. Kila mwaka nakata mwanzi kidogo. Vitambaa yote nilipiga iko ku nyumba, na tarehe."

Bulonza alifunga daftari. Mtu aliyehifadhi makosa yake ya miaka minne kwa tarehe alikuwa mtu wa kumheshimu.

*

Nyumba ya mzee Adalbert ilikuwa Kadutu, mgongo kwa mgongo na nyumba nyingine, baina yao ua wa matete tu. Maman Agnès, mke wake, aliwakaribisha wote watatu kwa viti na kwa uso uliokunjamana. Vitambaa vilitolewa sandukuni, vimekunjwa kama nguo za altare: 1951, 1952, 1953, 1954. Kila kimoja kilikuwa na matundu na maandishi ya penseli. Bulonza alivitandika mezani, akaweka uzi juu ya kimoja baada ya kingine. Kwenye kitambaa cha Juni 1951 uzi ulilala sawasawa kama kwenye ubao wa zizi: shubiri moja na nusu. Chini yake penseli ilisema: *kipimo kimoja na nusu. Mubaya sana. Bega inauma wiki mbili.*

"Papa Adalbert, mutu huyu alitumia kitu yenye kuenea kipimo moja na nusu ya mwanzi."

"Na bega yake inauma," alisema mzee kwa ridhaa.

Wakati huo Firmin, ambaye mazungumzo ya vitambaa hayakumhusu, alikuwa ameingia jikoni kunusa. Alitoka ameshika mfupa mkubwa kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba msalaba siku ya Ijumaa Kuu.

"Chef! Nguruwe!"

Maman Agnès aliweka mkono mdomoni. Mzee alimtazama mkewe, mkewe akatazama sakafu. Bulonza alihisi kesi nzima ikimponyoka, maana bunduki ya mzee, risasi ya mzee, na sasa nyama kwenye sufuria ya mzee ni vitu ambavyo hata wakili wa Brussels asingevitetea.

"Maman," alisema polepole, "hii ilitoka wapi?"

"Jumapili mangaribi niliikuta imetundikwa ku mulango ya jikoni, imefungwa mu majani ya migomba. Nilifikiri ni batu ya korali, benye kuimba naye, juu ya sikukuu ya muzee. Nikaificha juu ya kumushangaza, nikapika Jumatatu. Yeye hayuko, njo nikakula na majirani."

"Ilikuwa nyama ya wapi? Ya mbavu?"

"Paja moja na shingo."

"Paja gani?" Aliyeuliza ni mzee Adalbert, na aliuliza kwa sauti nyingine kabisa.

"Ya kuume."

Mzee alikaa chini. Alianza kucheka bila sauti, mabega yakimtikisika, mpaka Firmin akauliza kama ni wazimu.

"Brigadiye, andika vizuri," alisema mzee alipopata pumzi. "Mu pori ya Shabunda nyama inakuwaka na sheria mbele ya sufuria. Kichwa ni ya mwenye kupiga. Paja ya kuume ni ya mwenye bunduki. Shingo ni ya mwenye baruti. Kidari ni ya mukubwa wa inchi. Ulimi haiguswe mpaka maneno ya nyama iishe, ni ya mwenye kuamua. Ukikula bila kugawanya, mikono yako inakufa, haupigi tena kitu. Kama ni miye niliua, banipatie paja yangu kwa nini? Mutu hajitundikiake nyama ku mulango yake mwenyewe."

"Basi mwizi alikuibia bunduki na baruti..."

"Na akanipatia haki yangu. Mwizi mwenye heshima. Kupiga njo hajui."

Bulonza aliandika kwa kalamu ya kwanza mpaka wino ukaisha, akaendelea na ya pili. Mwizi wa kawaida huponzwa na tamaa, huyu aliponzwa na adabu. Alikuwa mtu wa Shabunda, alijua saa ambayo nyumba huwa tupu, alipita ua bila kubwekewa, na kipimo hakukipata kwa sababu kilikuwa kanisani kinaimba besi.

"Nyuma ya matete kunakaa nani?" aliuliza.

"Télesphore na bibi yake Rosalie," alisema Maman Agnès. "Mpishi wa Bwana Komiseri, naye wa Shabunda. Maskini Rosalie, viazi yake yote ya Panzi iliisha. Ile Hector ilikuwa inatoka kila siku kuchimba."

Bulonza hakunyanyuka mara moja. Alikuwa anafikiria mambo mawili: mayonezi, na yule mkubwa wa nchi.

*

Aliingia nyumba ya Bwana Komiseri kwa mlango wa jikoni saa kumi, Bwana akiwa bado ofisini. Télesphore alikuwa anamenya karoti kwa mkono wa kushoto, na karoti zilikuwa zinamshinda.

"Papa Télesphore, nimekuja juu ya mayonezi."

"Brigadiye, mafuta..."

"Mafuta iko muzima. Nipatie kile kikombe ya yai, na semulina kidogo."

Mpishi aliweka kisu chini. Bulonza alijaza kikombe cha kaure unga huo wa semulina mpaka ukingoni, akatoa mwanzi aliouazima kwa mzee, akamimina. Mwanzi ulijaa. Akaumwaga, akamimina iliyobaki. Ulifika nusu. Kisha alinusa kikombe: kiberiti kitupu cha baruti, ingawa kilikuwa kimeoshwa mara tatu. Alipoinua macho Télesphore alikuwa amekwisha kufungua vifungo vya shati. Bega lake la kulia lilikuwa na rangi ya biringani toka shingoni mpaka kwapani, bega lisiloweza kupiga mayonezi.

"Mara ya kwanza nilianguka," alisema mpishi. "Mara ya pili nilianguka na kuamuka mahali pengine. Hector haikukimbia. Ilisikia mutu, ikafikiri ni chakula, ikakuja mpaka hapa." Alionyesha goti lake. "Mara ya tatu nilifunga macho. Bunduki niliirudisha mbele ya misa kuisha."

"Kwa nini haukupeleka malalamiko ku serikali?"

"Nilipeleka tatu. Zote zilirudi na muhuri: hakuna ya kufanya. Rosalie alilia mbele ya mashimo ya viazi. Batoto sita, Brigadiye."

"Na kwa nini haukumuomba Papa Adalbert bunduki?"

"Anaipenda kuliko bibi yake. Angekataa."

"Sasa kama umemuibia, paja ulimupelekea ya nini?"

Télesphore alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini amevaa suruali. "Ni yake," alisema.

Bulonza aligeuza ukurasa wa daftari. Swali lililobaki alilijua jibu lake, lakini utaratibu ni utaratibu. "Na kidari?"

Mpishi alielekeza kidevu kwenye mlango wa chumba cha kulia. "Ya mukubwa wa inchi. Niliipika na haradali. Na maharagi." Halafu machozi yakamtoka. "Sikujua watamushika muzee. Tangu Jumatatu siwezi kulala. Munifunge miye, bunduki wasiikate."

"Nani alikuambia useme?" alisema Bulonza kwa ukali. "Hujaulizwa. Menya karoti."

*

Alhamisi saa tano na nusu, uani pa ofisi ya polisi, msumeno ulikuwa umelazwa juu ya benchi na bunduki kando yake. Mzee Adalbert, pingu mkononi, hakuutazama msumeno. Ndani, Bwana Komiseri na Bwana Desmedt walikaa mezani. Télesphore alileta kahawa kwa mkono wa kushoto na kusimama ukutani. Bulonza alifungua proseverbali yenye kurasa tisa akaanza kusoma: ubao, uzi, papai, vitambaa vya miaka minne.

"Muzee hakupiga," alisema alipofika mwisho wa ukurasa wa tano. "Bunduki iliibwa. Papai iko hapa nje, inaweza kuonwa."

"Nani aliiba?" aliuliza Bwana Desmedt.

"Jina iko ukurasa wa saba, Bwana. Lakini mbele yake kuna ukurasa wa sita."

"Ruka."

"Haiwezekani, Bwana. Bwana Komiseri alisema kamili. Ukurasa wa sita ni majina ya batu waliopokea mali ya wizi. Mwenye kupokea naye ana kesi, ni sheria." Akasafisha koo. "Paja la kuume na shingo: zililiwa na Maman Agnès na majirani, bila kujua. Kidari, kilo tatu."

Hapo akalowesha kidole, akageuza karatasi, akairudisha. Wahenga walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini. Proseverbali haina hekima hiyo, yenyewe ilitaka kujua hasa mla jana alikula nini.

"Kidari," aliendelea, "kilipikwa na haradali na maharage, kililiwa Jumapili saa moja jioni. Sahani moja, mwenye nyumba. Sahani mbili, mgeni. Nafasi ya majina nimeiacha wazi, naomba ruhusa ya kujaza."

Bwana Komiseri alimgeukia mpishi wake, na mpishi wake alikuwa anatazama dari. Uso wa Bwana Desmedt ulipoteza rangi kuanzia juu kwenda chini, na mkono wake ulishuka wenyewe mpaka tumboni.

"Hector?" alinong'ona.

"Ulisema ile sosi ilikuwa nzuri," alisema Bwana Komiseri kwa sauti ndogo.

"Mu klabu watacheka mpaka Noeli."

"Noeli ya mwaka gani," alisema Bwana Komiseri. Alinyoosha mkono. "Brigadiye, leta hiyo ukurasa wa sita."

"Ikitoka ya sita, ya saba haisomeki, Bwana. Inaanza na maneno *yule niliyetaja hapo juu*. Na ya nane inategemea ya saba."

Bwana Komiseri alichukua proseverbali yote, akaichana mara mbili, akaichana tena. "Andika ingine. Fupi. Nguruwe ametoroka."

Bulonza aliandika papo hapo, maana alikuwa amekuja na karatasi safi: *Nguruwe aendealo ndilo atendalo. Hector alikuwa akitoroka kila siku kwenda kwenye viazi vya watu, na siku ya Jumapili hakurudi.*

"Na matundu ya ubao?" aliuliza.

"Muchwa," alisema Bwana Desmedt, macho ameyafumba.

"Na ukuta wa zizi, Bwana? Kama mwingine atakuja kutoka Ubelgiji, ni afazali niandike kama utajengwa kwa mawe, asitoroke naye."

"Mawe. Andika mawe."

Uani, Firmin alimfungua mzee pingu. Adalbert aliipokea bunduki, akachungulia mitutu, akainusa, akainamisha kichwa kama mtu aliyemkuta mtoto wake mgonjwa. Télesphore alitoka ofisini, akasimama mbele yake. Mzee alimtazama bega, akaona linavyoning'inia, na hasira yake yote ikakosa mahali pa kushika.

"Utakuja kila Jumamosi, Siku ya Posho, kuisafisha, mwaka muzima," alisema. "Na siku ingine ukiiba, uibe na kipimo."

*

Ijumaa mchana milio miwili ilisikika kutoka bondeni, na Bulonza akamwaga wino juu ya meza. Alipokuwa anaufuta aliona kifurushi cha majani ya migomba karibu na daftari. Hakikuwa na jina. Alikifungua: ndani kulikuwa na ulimi mkubwa uliokaushwa kwa moshi, umesuguliwa chumvi na pilipili kwa mkono wa mtu anayejua jikoni.

Firmin alitokea mlangoni, pua mbele. "Chef, hiyo ni ushahidi?"

"Ilikuwa."

"Ni ya nani?"

Bulonza alikumbuka sheria ya nyama, akaenda kufunga dirisha la upande wa ofisi ya Bwana Komiseri. Alitoa kisu kile kile alichochokolea risasi, akakipangusa kwenye suruali, akakata kipande cha kwanza.

"Firmin," alisema, "ukikula, jina yako inaingia ukurasa wa sita."

Firmin alifikiri kidogo, kisha akavuta kiti.